Kichwa kinauma ukilala sana? Usikimbilie dawa kwanza
Nyie mnaofidia usingizi siku ya mapumziko, mnaamka saa tano na kichwa kinagonga: kabla ya kumeza dawa ya maumivu, kunywa maji glasi mbili na ule chochote. Mara nyingi kinachouma ni yale uliyoyakosa ukiwa umelala, yaani maji, chakula na, kwa wapenzi wa kahawa au chai, kafeini ya asubuhi. Mwili uliozoea kikombe saa moja ukicheleweshewa hadi mchana, mishipa ya damu kichwani hutanuka na kichwa kinaanza. Kikombe kimoja tu huwa kinatosha kutuliza, si lazima uinywe birika nzima.

Suluhisho la kudumu halipendezi: amka saa ileile kila siku, wikendi ikiwemo. Ukizidisha, usipitishe muda wa saa moja hivi. Mtu mzima anahitaji saa 7 hadi 9, na deni la usingizi hulipwa vizuri zaidi kwa kuwahi kulala kuliko kwa kuchelewa kuamka. Usingizi wa mchana nao utegee kengele, dakika 20 hadi 30.

Ila kama unakoroma sana na unaamka na kichwa karibu kila siku, huenda pumzi inakatika usingizini. Hilo ni la daktari. Na maumivu makali ya ghafla, au yenye homa na shingo kukakamaa, usisubiri kesho, nenda hospitali mara moja.