Namna ya kupiga pointi za vibanja vya kahawa bila kuvipeleka Algeria

Mimi ni karani wa mizani kwenye AMCOS moja, yaani chama cha ushirika cha wakulima, huku Muleba mkoani Kagera. Misimu miwili iliyopita nimezunguka na simu mkononi kuliko nilivyokaa mezani, kwa sababu mnunuzi alituma ujumbe wa mistari mitatu: leteni pointi za mashamba ya wanachama wote, yaani namba za GPS zinazoonyesha kila shamba lilipo kwenye ramani. Naandika kwa makarani na viongozi wa vyama waliopata ujumbe kama huo na hawajui waanzie wapi.

Chanzo chake ni kanuni ya Umoja wa Ulaya, Na. 2023/1115. Kahawa inayoingia kwao isitoke kwenye ardhi iliyofyekwa msitu baada ya 31 Desemba 2020, na iwe imelimwa kwa kufuata sheria za nchi ilikotoka. Utekelezaji umeshasogezwa mbele mara mbili. Sasa kampuni kubwa na za kati zinabanwa kuanzia 30 Desemba 2026. Wapo wanaosema itasogezwa tena, tutulie. Mimi situlii. Anayewasilisha tamko kwamba kahawa imetimiza masharti hayo ni mwagizaji wa kule, na faini yake inahesabiwa kwa mauzo yake ya mwaka, kwa hiyo hatagusa kahawa asiyoijua shamba ilikotoka. Akikosa pointi kwetu, ng'ambo ya mpaka wa Mutukula, Uganda, kuna kahawa ya robusta tele.

Anza na daftari kabla ya simu. Letu lilikuwa na marehemu, lilikuwa na mtu mmoja aliyeandikwa kwa tahajia tatu, na lilikuwa na wanaume walioandikishwa miaka ya nyuma ilhali wanaochuma na kuleta kahawa ni wake zao. Ilituchukua wiki tatu kulisafisha. Kila mwanachama akapata namba yake, na namba hiyo ndiyo inayofuata kila kitu: pointi, stakabadhi, gunia.

Sasa pointi. Shamba lisilozidi hekta 4, yaani kama ekari 10 hivi, linahitaji pointi moja tu. Likizidi hapo, unatembea mpaka wote. Vibanja vyetu, yaani mashamba yetu ya kahawa na migomba, vingi havifiki hata ekari 3, kwa hiyo usikubali kuchosha vijana kuzunguka mipaka kama mnunuzi hajaitaka. Kuzunguka mpaka ndiko kunakoamsha ugomvi wa majirani uliolala miaka 20.

Pointi ipigwe katikati ya mibuni. Nasisitiza kwa sababu mwaka wa kwanza tuliwapa vijana simu, jioni wakarudi na pointi 60. Nilipozifungua kwenye ramani zote zilirundikana juu ya bati moja: ghala letu. Walikaa kwenye benchi, kila aliyeleta kahawa wakampigia pointi palepale. Tulirudia kazi yote kwa miguu. Ukifika shambani, chini ya migomba simu huyumba. Tafuta upenyo unaoona anga, subiri hadi programu ikuonyeshe usahihi wa mita 5 au pungufu, ndipo uhifadhi. KoboToolbox, programu ya kukusanyia taarifa kwa simu, inafanya kazi bila mtandao, na fomu yake unaitengeneza mwenyewe kwa Kiswahili.

Namba za pointi, yaani latitudo na longitudo, lazima ziwe na tarakimu 6 baada ya nukta ya desimali. Ukizikata zikabaki 2, shamba linaweza kuhama kwa nusu kilomita na zaidi. Na alama ya kutoa mbele ya latitudo msiichezee. Kibanja cha hapa Muleba husomeka kama -1.84 na 31.66. Mtu akifuta kile kijistari akidhani ni uchafu, kibanja kinavuka ikweta na kutua pande za Masindi, Uganda. Akigeuza mpangilio, longitudo ikatangulia, mkulima wetu anakuwa analima robusta jangwani Algeria, karibu na Béchar. Yote mawili yametukuta. Dawa ni moja: kabla ya kutuma, fungua pointi zote kwenye ramani ya setelaiti uzitazame kwa macho.

Hapo ndipo utakutana na tatizo la kwetu hasa. Kibanja cha Mhaya ni mibuni chini ya migomba, na juu yake miti mirefu kama misizi na mgrevilea. Setelaiti inaona paa la majani, ramani inasema msitu. Mzee mmoja alipokata misizi 4 apate mbao za kuezekea, shamba alilorithi kwa baba yake likatoka kwenye ramani na alama nyekundu: msitu umefyekwa baada ya 2020. Usikate tamaa wala usimfute daftarini. Kanuni yenyewe haihesabu kama msitu ardhi ambayo matumizi yake makuu ni kilimo, na mazao yanayolimwa chini ya miti yamo humo. Unachohitaji ni ushahidi. Sisi tulipiga picha za mibuni yenye vishina vinene kama paja, tukatafuta stakabadhi za mauzo za kabla ya 2020, na mwenyekiti wa kijiji akaandika barua yenye mhuri. Mnunuzi alikubali. Mashamba mapya yaliyofunguliwa kwenye rweya, yaani mbuga za nyasi, ni rahisi zaidi, maana pale palikuwa nyasi tangu zamani.

Kuhusu umiliki, mwenye Hati ya Hakimiliki ya Kimila aweke nakala. Asiye nayo, barua ya kijiji imetusaidia.

Watu wataogopa. Bibi mmoja alisimama mlangoni akaniuliza, "Waitu, mnapima ili mje kulichukua?" Nilimwonyesha simu, nikamweleza namba zinakwenda wapi na nani atazisoma. Akafikiri, akaniambia nirudi mwanawe akiwepo. Nilirudi. Mbali na heshima, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, kwa hiyo andaeni fomu ya ridhaa kwa Kiswahili, na mkulima abaki na nakala.

Ghalani ndiko kazi yote inakoweza kuharibika. Kanuni hairuhusu kuchanganya kahawa inayojulikana na isiyojulikana. Kahawa ya butura, iliyonunuliwa ikiwa bado maua, au ile inayoletwa usiku kwa pikipiki, ikimwagwa kwenye rundo lenu, rundo zima halina shamba tena. Tumetenga kona, tumechora mstari wa chokaa, na gunia lisilo na namba ya mwanachama halivuki. Mjumbe mmoja wa bodi alinuna wiki nzima. Gunia lake lilikuwa miongoni mwa yaliyobaki nje.

Pangeni pia siku mbili za marekebisho kila mwaka kabla mizani haijafunguliwa. Vibanja hugawanywa kwa watoto, na pointi moja ya mwaka jana inaweza kuwa ya kaka watatu mwaka huu.