Ramani ya mafuriko, bonde la mto Mirongo, Mwanza

Fungua QGIS, programu ya bure ya kuchora ramani, upakie data za mwinuko wa ardhi za SRTM, zilizopimwa kwa rada kutoka chombo cha anga za juu. Kila kipande chake ni mita 30 kwa 30, kwa hiyo mtaro wa Mabatini hauonekani kabisa. Jaza kwanza mashimo ya uongo, yaani yaliyoletwa na makosa ya data, kisha chora mikondo ya maji.

Sasa vaa gambuti. Mimi hushuka Mirongo na simu yenye GPS na futi kamba: “Shikamoo mama, maji yaliishia wapi?” Ataonyesha mstari wa tope ukutani, juu kidogo ya kitasa. Pima kutoka ardhini, andika. Huo naupa uzito kuliko SRTM.

Ufukweni Ziwa Victoria nalo hupanda: Mei 2020 lilipita kiwango cha rekodi cha 1964. Lipe rangi yake kwenye ramani.