ESP32 yako inamaliza betri haraka? Panga usingizi wake hivi

Kama una kifaa kinachoishi kwa betri chenye ESP32 (chipu ndogo ya kompyuta yenye waifai), mfano sensa ya kupima maji kwenye tenki huko juu, kosa tunaloanza nalo wengi ni kuandika amri ya kulala ndani ya kila draiva (kodi inayoendesha sensa au kifaa kimoja). Draiva ya sensa inaamua imemaliza inalala, kumbe waifai bado inatuma data, inakatika katikati, basi unaanza kupachika if juu ya if mpaka kodi yako mwenyewe huielewi. Draiva iseme tu inahitaji nini, uamuzi wa kulala ubaki sehemu moja kwenye mfumo.

ESP-IDF (zana rasmi za kuandikia programu za ESP32) inakupa hiyo tayari. Kwenye menuconfig (menyu yake ya mipangilio) washa CONFIG_PM_ENABLE na CONFIG_FREERTOS_USE_TICKLESS_IDLE, maana bila hiyo ya pili FreeRTOS (mfumo unaopanga taski ndani ya chipu) kwa kawaida inaigutusha prosesa mara 100 kila sekunde hata kama hakuna kazi. Halafu ita esp_pm_configure, kasi ya juu MHz 240, ya chini MHz 40, light_sleep_enable (ruhusa ya usingizi mwepesi) iwe true. Kuanzia hapo taski ikianza kazi inachukua kufuli (yaani inasema "usilale bado") kwa esp_pm_lock_acquire, ikimaliza inaliachia kwa esp_pm_lock_release, na makufuli yote yakiachiwa chipu inalala yenyewe.

Sasa hapo kwenye kuachia ndo pa kuwa makini sana. Mimi sensa yangu ilikuwa ikikosa kujibu funksheni inarudi na kosa palepale, release iko mistari miwili chini haifikiwi, kifaa kikawa hakilali tena. Nilibadilisha betri mara mbili nikiamini ni feki! Kilichonionyesha ni esp_pm_dump_locks(stdout), inakuorodheshea kila kufuli kwa jina na kama bado limeshikwa. Iite mapema, usisubiri shida.

Kama unapima kila dakika 15, light sleep (usingizi mwepesi) haitoshi, chipu bado inakula kama miliampia 0.8. Deep sleep (usingizi mzito) ni kama maikroampia 10 tu, ila ikiamka programu inaanza upya, vinavyobaki ni vile ulivyoviwekea RTC_DATA_ATTR (alama ya kuhifadhi data kwenye kumbukumbu isiyozimwa). Kwa hiyo andika funksheni moja tu ya uamuzi: kazi ijayo iko mbali na hakuna kufuli, deep sleep, iko karibu, light sleep, betri ikishuka ongeza muda wa kati ya vipimo. Ukitaka kubadili tabia unagusa hapo tu, draiva huzigusi.

Halafu pima kwa mita, usiamini kodi peke yake. Bodi nyingi zina regyuleta (kipunguza volti) ya AMS1117 inayokula kama miliampia 5 bure, betri ya mAh 2500 inakufa ndani ya wiki 3 hivi kifaa kikiwa kimelala fofofo, na bado hujahesabu ile taa nyekundu ya bodi. Ukipima kwenye renji ya maikroampia subiri kwanza kifaa kilale ndo uhamishe, la sivyo waifai ikiwaka volti zinashuka ndani ya mita na bodi inajiresti.