Kanga ya karatasi kwa watoto wa miaka 3 hadi 6

Ukimpa mtoto karatasi tupu na rangi, dakika tano baadaye ameshaipaka yote ikawa tope la kahawia. Mpe mpangilio wa kanga, mambo yanabadilika. Pindo linamtaka arudie umbo lilelile kuzunguka pande nne, mji, yaani sehemu ya katikati, unamwachia nafasi ya kuamua mwenyewe, na jina, yaani maneno yanayoandikwa kwenye kanga, linakuja mwisho. Karatasi ya A4 inakaribia sana umbo la kanga, ila ukipata manila ni bora zaidi, maana karatasi nyepesi ya daftari ikilowa inajikunja na kuchanika.

Rangi

Kwa watoto sita, chukua nusu kikombe cha unga wa ngano, vikombe viwili vya maji na kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Vuruga unga kwenye nusu kikombe cha maji baridi mpaka mabonge yaishe. Chemsha maji yaliyobaki, mimina ule mchanganyiko huku unakoroga, acha kwenye moto mdogo dakika 3 hadi 4, kisha tia chumvi. Unga mkavu usiumwage kwenye maji ya moto: mabonge yake hayavunjiki tena, na bonge moja chini ya mhuri linatosha kuharibu umbo zima. Ikipoa, chovya kijiko na ukigeuze. Rangi inatakiwa kung'ang'ania mgongoni mwa kijiko. Ikiwa nzito kama ugali, ongeza maji kijiko kimoja kimoja.

Gawa katika vikombe vitatu. Nyekundu hutokana na robo kijiko cha chai cha rangi ya chakula ya unga, iliyoyeyushwa kwanza kwenye maji kidogo ya uvuguvugu. Ukiitia kavu inaacha madoadoa. Nyeusi ni mkaa uliotwangwa na kuchekechwa kwa kitambaa chepesi. Kazi hiyo aifanye mtu mzima, nje ya nyumba, kwa sababu vumbi lake si la kuvutwa na mtoto. Ya tatu ni bizari ya manjano, kijiko kimoja cha chai. Watoto wanapenda sana kuona jambo moja hapa: chota rangi ya manjano kidogo pembeni, tia chembe ya magadi yaliyoyeyushwa, na papo hapo inageuka kuwa nyekundu ya matofali. Magadi uyashike wewe. Kwa sababu hiyohiyo, usishangae doa la manjano kwenye nguo likigeuka jekundu ukilifua kwa sabuni ya mche. Wavishe watoto nguo chakavu.

Nyekundu na nyeusi juu ya karatasi nyeupe ni rangi za kisutu, aina ya kanga ya jadi, na kwa mtoto wa miaka mitatu hizo mbili zinatosha. Rangi ya ukuta au ya mafuta iliyobaki stoo usiiguse kabisa. Baadhi yake zina madini ya risasi. Hii ya unga ikianza kunuka uchachu, imwage. Bila friji usiitegemee zaidi ya siku moja.

Mihuri

Bamia ndiyo mhuri mzuri kuliko yote, maana ukiikata inatoa nyota au ua bila kuchonga chochote. Chagua iliyokomaa kidogo. Changa inapondeka kidoleni. Ikate kwa pigo moja la kisu kikali, ukiacha upande wa kikonyo uwe mshikio. Ukikereza kama msumeno, uso hauwi sawa na ua linatoka nusu. Utelezi wake ukizidi rangi haishiki, hivyo ifute kwa kitambaa kila baada ya michapo mitano au sita.

Bua la jani la mpapai lina uwazi ndani, kwa hiyo linachapa duara safi. Likate mapema, futa utomvu na uliache likauke kabisa kabla mtoto hajalishika, kwani utomvu mbichi unawasha ngozi na macho. Kiazi mviringo kinahitaji kuchongwa: kata kati, chora umbo, ondoa pembeni yake kina cha sentimita moja. Kina kikiwa kifupi, na sehemu uliyoondoa itachapa. Kifute na ukiache dakika kumi juu ya kitambaa. Maji ya kiazi huifanya rangi iwe nyepesi na mhuri uteleze. Chomeka uma mgongoni uwe mpini.

Usiwape watoto kikombe cha kuchovya. Weka kipande cha sponji kwenye sahani, kiloweshe rangi, na mtoto agonge mhuri juu yake.

Kuchapa

Kata kipande cha karatasi sentimita 21 kwa 13 na ukibandike katikati ya A4 kwa selotepu mbili ndogo zilizokunjwa chini yake. Sasa mji umefunikwa, na pindo la kama sentimita 4 liko wazi pande zote. Mtoto agonge bamia kuzunguka pindo. Akipitiliza ndani, hakuna kilichoharibika. Mfundishe maneno matatu: "Weka, bonyeza, inua." Wengi husugua mhuri kama sabuni, na hapo umbo hupotea.

Subiri dakika ishirini, pindo likauke, halafu mwache abandue mwenyewe kile kipande. Mji mweupe unatokea ghafla umezungukwa na maua. Msimharakishe hapo. Mjini anagonga apendavyo. Achague mhuri mmoja mkubwa uwe katikati.

Jina ni lake. Muulize kanga yake inasema nini, kisha liandike kwa herufi kubwa chini ya mji, juu kidogo ya pindo, kama alivyolitamka. "MAMA NIPE CHAPATI" ni jina halali. Rangi ikishakauka kabisa, lalisha kazi chini ya vitabu usiku kucha ili karatasi inyooke, ndipo uitundike.