Kabla hujaanza ubingwa wa upasuaji, uliza mikono mingapi iko mezani

Kabla hujajaza fomu, waulize marezidenti, yaani madaktari wanaosomea ubingwa, wa mwaka wa kwanza wa hospitali unayoitaka: mwezi uliopita mlishika kisu mara ngapi? Waulize wenyewe, jioni wakitoka thieta, usiishie kwa mkuu wa idara. Mimi nilianzia hospitali kubwa yenye kesi nzito, na kwa miezi minane kazi yangu ilikuwa kushika ritrakta, kile chuma cha kuuweka mkato wazi, na kuchungulia juu ya bega la mwenzangu. Tulikuwa sita kwenye meza moja. Macho yalijifunza mengi, mikono ikabaki vilevile. Nilipopelekwa hospitali ya mkoa kwa miezi mitatu ndipo nilipofanya ngiri, busha na kidole tumbo, mkufunzi akiwa ng'ambo ya meza, kimya kila ninapokwenda sawa.

Njia ziko mbili hapa kwetu Tanzania. Ukisoma MMed, shahada ya uzamili ya udaktari, chuo kikuu, kama Muhimbili, KCMC au Bugando, wewe ni mwanafunzi: kuna ada, madarasa na utafiti wa kuandika. COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, iliyoanzishwa mwaka 1999 na yenye makao Arusha, haina jengo la madarasa. Unafundishwa ukiwa kazini, katika hospitali iliyoidhinishwa. Kwa upasuaji wa jumla ni miaka miwili hadi mtihani wa uanachama, kisha mitatu hadi ule wa ubingwa. Yoyote utakayochagua, ruhusa ya mwajiri ipate kwa maandishi.

Kuhusu ubobezi, nakuomba usiwe na haraka. Wengi huingia wameshaamua kuwa ni ubongo au moyo, na zamu za tumbo wanaziona mzigo. Lakini mgonjwa mwenye utumbo uliojisokota atakufuata popote utakapopangiwa, usiku, na hatauliza wewe ni bingwa wa nini. Jenga msingi huo kwanza. Kama mifupa inakuita kweli, omba wiki moja ya kutazama pale MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili, uone kazi ya kila siku ilivyo.

Sasa mikono yenyewe. Hii usisubiri kufundishwa. Chukua uzi, ufunge fundo kwenye mpini wa kikombe mpaka kila mkono, wa kushoto pia, uweze bila wewe kutazama. Kisha chukua kiberiti kitupu, kiweke mezani, ufunge fundo kukizunguka. Kikiinuka ukikaza, unavuta; kwa mgonjwa ungekuwa umeshachana mshipa. Rudia mpaka kitulie. Rudia tena umevaa glavu zilizolowa, kwa sababu ndivyo zitakavyokuwa. Baada ya hapo nenda buchani ununue utumbo wa mbuzi, uuoshe, uukate, uunganishe, kisha umimine maji ndani ukiwa umebana upande mmoja. Matone yatakuonyesha mshono uliouruka. Wa kwanza wangu ulivuja sehemu nne, na nafurahi ulikuwa wa mbuzi.

Chanjo ya homa ya ini B maliza mapema: dozi ni tatu, na ya mwisho huja miezi sita baada ya ya kwanza, kwa hiyo ukianza wiki ya kuripoti umechelewa. Ukichomwa na sindano, osha, toa taarifa, na dawa za kinga ya VVU uzianze saa hiyohiyo. Mwisho wake ni saa 72.

Uwe na daftari la kumbukumbu tangu siku ya kwanza, uandike kabla hujalala: tarehe, upasuaji gani, na nafasi yako. Ulitazama, ulisaidia, ulifanya ukisimamiwa, au ulifanya mwenyewe? Jina la mgonjwa liache. Usijipandishe daraja, maana daftari hilo ndilo litakalokuonyesha, miezi sita ikipita, kwamba mafundo unayajua ila tumbo hujawahi kulifungua mwenyewe, na ndipo utakapokuwa na hoja ya kumpelekea mkufunzi wako.

Na manesi wa thieta, jifunze majina yao kabla ya majina ya vifaa. Usiku mmoja nilikuwa nimeshaomba uzi nifunge tumbo, nimechoka, mtaalamu wa usingizi ananiharakisha. Sista akasema taratibu, "Daktari, subiri. Gozi moja haijatimia." Tukahesabu upya, tukapekua ndoo, tukapekua sakafu. Nikarudisha mkono ndani. Ilikuwa nyuma ya ini.