Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuingia Kazi ya Kitaaluma Baada ya Uzamivu wa Sayansi

Wanafunzi wengi wa uzamivu huahirisha maandalizi ya kazi mpaka watakapotetea tasnifu, ilhali fedha nyingi zinazotengwa kwa watafiti wachanga hutolewa kwa kuhesabu miaka tangu shahada ilipotunukiwa. Ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie wa Umoja wa Ulaya kwa watafiti waliomaliza uzamivu, kwa mfano, haumpokei mwombaji aliyepitisha miaka 8 tangu apate uzamivu, na humtaka awe hajaishi wala kufanya kazi katika nchi anayokusudia kwenda kwa zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 iliyotangulia siku ya mwisho ya maombi. Kwa hiyo anayehamia nchi fulani mapema akingoja nafasi huko anaweza kujifungia mlango mwenyewe. Masharti hubadilika, na mara nyingi aliyechukua likizo ya uzazi au ya ugonjwa huongezewa muda, hivyo kila tangazo lisomwe upya hadi mstari wa mwisho.

La pili ni makala. Sura ya tasnifu iliyokwisha kukamilika itumwe jaridani kabla ya utetezi, kwani uhakiki huchukua miezi, na mtu akishaanza kazi mpya mahali pengine, sura hiyo hulala. Wahakiki wanapochelewa, nakala ya awali inaweza kuwekwa katika hazina huria kama arXiv, iliyoanza mwaka 1991, au bioRxiv, iliyoanza mwaka 2013, mradi jarida linalokusudiwa linaruhusu. Nakala hiyo huwa na tarehe na anwani ya kudumu ambayo mwombaji anaweza kuiandika katika wasifu wake.

Jambo ambalo wengi hulikwepa kwa haya ni mazungumzo na msimamizi kuhusu kipi utaondoka nacho. Kamati ya ajira hutafuta swali la utafiti lililo lako, na hoja yako hudhoofika ikiwa maabara uliyotoka inaendelea kulifanyia kazi swali hilo hilo. Kubalianeni mapema, tena kwa maandishi hata kama ni baruapepe fupi, ni mada ipi utaichukua, ni data zipi utaruhusiwa kuzitumia, na nani atakuwa mwandishi wa kwanza wa makala zilizobaki. Usisahau upande wako wa deni. Kisanduku cha sampuli kilichoachwa kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, kikiwa kimeandikwa herufi mbili na tarehe tu, hakimsaidii mtu yeyote, na mwaka mmoja baadaye hata aliyekiandika hawezi kukisoma. Orodha ya sampuli, programu za uchambuzi na maelezo ya kila safu ya jedwali viandaliwe ukiwa bado una ufunguo wa maabara.

Barua za mapendekezo huhitaji watu watatu hivi, na angalau mmoja awe nje ya maabara yako, aliyeiona kazi yako kwa karibu kiasi cha kuieleza bila kuisoma upya. Uhusiano huo haujengwi kwa wiki mbili. Kitambulisho cha ORCID chenye tarakimu 16, kinachomtofautisha mtafiti na wengine wenye jina kama lake, kwa upande mwingine, hupatikana bure kwa dakika chache. Ukipewa nafasi ya kufundisha, omba somo moja ulipange mwenyewe kuanzia muhtasari hadi mtihani. Kusahihisha mazoezi ya mwingine kwa miaka mitatu hakuonyeshi uwezo huo.

Hatimaye, kabla ya kutia saini, uliza kama nafasi hiyo ni ajira au ni posho ya utafiti. Kiasi cha fedha kinaweza kufanana, lakini katika nchi nyingi mpokeaji wa posho hachangiwi pensheni, hana haki ya mafao ya kukosa kazi, na hulazimika kujikatia bima ya afya mwenyewe. Uliza pia mkataba ni wa muda gani na nani huamua kuuongeza, kwa sababu mkataba wa mwaka mmoja maana yake ni kuanza kuandika maombi mapya miezi michache tu baada ya kuwasili.