Timu ya mchangani isiyo na uwanja, hela mtatoa wapi?

Timu isiyo na uwanja haina geti, na bila geti hakuna kiingilio, ndo maana mnaishia kupitisha daftari la michango kwa watu walewale mpaka wakiwaona wanakata kona. Msijione wanyonge lakini, Simba na Yanga wenyewe kwa miaka mingi mechi kubwa wamezipiga kwa Mkapa, uwanja wa serikali.

Anzeni na uwanja wa shule. Msiende kuuliza bei, nendeni kwa mwalimu mkuu na ofa: tutafyeka majani, tutachomelea magoli, neti zetu, chokaa yetu, watoto watumie asubuhi sisi jioni. Akikubali muandikishane, kopi moja kamati ya shule na nyingine serikali ya mtaa, maana mwalimu mkuu akihamishwa makubaliano ya mdomo yanahama naye.

Halafu pitieni kwa afisa michezo wa wilaya mfuate usajili wa BMT (Baraza la Michezo la Taifa). Inachosha, ila bila cheti benki haiwafungulii akaunti kwa jina la timu, na hela ikikaa kwenye simu ya mwenyekiti maneno hayaishi.

Wadhamini: barua za kampuni za simu achaneni nazo kwanza, mnapoteza karatasi tu. Mwenye duka la dawa, fundi aluminiamu, mwenye bajaji tatu, hao ndo wenu, na ombeni kitu kidogo kinachoonekana. Mfano: "Shikamoo mzee, Jumapili saa kumi tuna mechi, tunaomba katoni tatu za maji, MC atataja duka lako na bango lako litakaa nyuma ya goli." Mechi ikiisha mtumie picha ya bango usiku uleule, wengi wanasahau hapa halafu wanashangaa mara ya pili mzee hapokei simu.

Bonanza nalo linalipa, timu nane kila moja na ada yake, zawadi mbuzi. Mbuzi anunuliwe ADA ZIKISHAINGIA, sio kabla, na marefa muwalipe mapema.

La mwisho, dogo yeyote mkali asajiliwe kihalali kupitia chama cha soka cha wilaya na fomu zake mtunze. Kwa sheria za FIFA mchezaji akiuzwa nje ya nchi mkataba wake haujaisha, 5% ya ada ya uhamisho inagawiwa timu zilizomlea toka miaka 12 mpaka 23, sasa kama jina lake halipo popote mtadai na nini?